"Ina cheti cha FAA": ndege ya kujengwa nyumbani hainunuliwi kama Vitz

Wiki hii tena. "Fundi, nimeona RV-6 huko kwenu Marekani, bei ya Prado tu. Ina cheti cha FAA. Tuitie kwenye kontena, ikifika tunabadilisha namba, basi." RV-6 ni ndege ndogo ya kujengwa nyumbani, na FAA ni mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Mimi ni fundi mwenye cheti cha A&P, yaani cha Marekani cha kutengeneza mwili na injini za ndege. Kazi yangu ni kufungua ndege za watu na kuwaambia wasiyotaka kusikia, na maneno hayo manne, "ina cheti cha FAA", yamenichosha kuliko kutu.

Cheti chenyewe ni cha kundi la majaribio. Kinasema kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya ujenzi ilifanywa na mtu au watu waliojenga kwa kujifunza au kujiburudisha, na kwamba mkaguzi aliitazama ndege ikiwa imekamilika asione la kumzuia. Hakisemi kwamba muundo wake umeidhinishwa, wala kwamba kila ribiti (pini inayoshikilia bati) ilipigwa sawasawa. Mkaguzi hakuwepo gereji ile jamaa alipokuwa akipiga ribiti usiku, amechoka na kazi ya mchana. Cheti hicho huambatana na barua ya masharti ya kuruka, nayo ni sehemu ya cheti. Isome kabla hujatuma senti. Na wewe unayetaka kuwapeleka watalii Mara: ndege hii hairuhusiwi kubeba mtu wala mzigo kwa malipo. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni watu kudhani wananunua modeli. Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, iliuza michoro na vipande vya RV-6. Aliyeijenga ni daktari wa meno fulani, au mwalimu, au mhandisi mstaafu aliyejiona anajua kuliko michoro. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwogopa. Amehamisha betri, amebadili njia ya mafuta, amebuni swichi zake, na yote hayo sheria inamruhusu. RV-6 mbili zilizoegeshwa sambamba zinaweza kuwa ndege mbili tofauti kabisa chini ya rangi. Kwa hiyo usiniulize kama RV-6 ni nzuri. Niulize nani aliijenga hii.

Mnaona natia chumvi? Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akirusha Long-EZ aliyoinunua imeshajengwa na kutumika. Michoro ya Rutan, mbunifu wa Long-EZ, iliweka valvu ya kuchagulia tangi katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege ile aliiweka nyuma ya bega la kushoto. Kuifikia ilibidi rubani ajipinde na kuachia usukani. Siku hiyohiyo ya ajali, kabla ya kuruka, Denver na fundi walijaribu kurefusha mkono wa valvu kwa koleo, haikusaidia. Hakutaka kuongeza mafuta. Denver alikuwa na saa zaidi ya 2,000 angani, si mwanafunzi. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, waliona kwamba alipokuwa akihangaika na valvu alikanyaga pedali ya kulia ya usukani bila kukusudia, ndege ikamshinda. Walitaja pia mahali valvu ilipowekwa, vipimo vya mafuta visivyo na alama, na mafunzo haba ya kuizoea ndege ile. Cheti? Kilikuwepo.

Wala si kisa cha mtu mmoja. Utafiti wa NTSB wa 2012 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya ajali za ndege za namna hii zilizochunguzwa mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, si zile zilizokuwa mikononi mwa waliozijenga. Mjenzi anaujua ugonjwa wa ndege yake na anauzoea. Wewe anakuuzia na ugonjwa.

Basi omba daftari la ujenzi na picha: spa (mhimili mkuu wa bawa) kabla haijafunikwa, tangi kabla halijafungwa. Mjenzi safi atakuletea picha mpaka uchoke. Anayesema "zilipotea kwenye simu ya zamani" mshukuru, ondoka.

Injini, kwa haraka. Tangazo likijisifu "saa 300 tu tangu 1998", hiyo si sifa. Kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya injini za Lycoming iko juu, injini ikilala mafuta yanateremka na kuiacha kavu, kutu inaingia. Lycoming wenyewe wanataka injini ifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya miaka 12 hata kama saa hazijafika. Bora yenye saa 900 inayoruka kila wiki.

Jingine: mjenzi anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka. Cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Ukiinunua unaweza kubadilisha oili na matairi utakavyo, lakini ukaguzi wa mwaka lazima usainiwe na mwenye cheti kinachomruhusu, kama mjenzi huyo au mtu kama mimi.

Sasa kontena. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 33, unazitaka nchi zitambuliane vyeti vinavyofikia viwango vya chini vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Cha majaribio hakifikii. KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, hawawajibiki kukipokea, na FAA haitoi cheti cha kusafirisha nje kwa ndege kama hii. Halafu watu wanaanza na kufuta namba ya N (usajili wa Marekani) ili "mambo yaende"! Namba ikifutwa, cheti cha Marekani kinakufa papo hapo. Unabaki na alumini ndani ya kontena, haina uraia huku wala huko. Waandikie mamlaka ya kwako kwanza, utaje ndege hiyohiyo kwa namba yake, na usubiri jibu la maandishi. Jibu la simu si jibu.

Na nikubali jambo moja. Ndege ya faibaglasi ikishafungwa na kupakwa rangi, nagonga kwa sarafu kama wenzangu, nasikiliza, naandika ripoti yenye maneno ya kitaalamu. Ndani ya gundi sijaona kitu. Kwenye alumini angalau ribiti iliyolegea hutoa masizi.

Kontena lina upana wa kama mita 2.35 kwa ndani, kwa hiyo mabawa lazima yatoke. Kwenye RV-6 hilo ni suala la bolti zilizobana kwenye spa, jasho, na uwezekano wa kuharibu matundu. Muuzaji akikuambia yanatoka kwa dakika chache, huyo anazungumzia RV-12, modeli nyingine ya Van's. Muulize tena anauza nini.