Kozi ya Utalii na Matukio: Yanayosemwa Mtaani, Yanayokutwa Darasani

"Ni kozi ya waliokimbia hesabu"

Anayeingia na imani hiyo hushtuka mapema. Kati ya mambo ya mwanzo katika somo la matukio ni kutafuta idadi ya tiketi zinazorudisha gharama. Chukua kongamano la siku moja Arusha. Ukumbi ni shilingi 3,000,000, vipaza sauti na projekta 1,200,000, wazungumzaji 2,000,000, matangazo 800,000. Jumla ni 7,000,000, aje mtu mmoja au waje mia tatu. Kila mshiriki naye ana gharama zake: chai na chakula 35,000, mkoba na daftari 10,000, beji na cheti 5,000, yaani 50,000. Tiketi ikiuzwa 120,000, kila mtu anaacha 70,000. Gawanya 7,000,000 kwa 70,000, unapata watu 100.

Wengi huweka kalamu chini hapo, na hasara huanzia hapo hapo. Mwandaaji aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hazipati zile 120,000 zote. Bei ambayo kodi imo ndani yake hugawanywa kwa 1.18, kwa hiyo chake ni 101,695. Kutoa asilimia 18 ya 120,000 ni kosa, maana kodi ilipigwa juu ya bei ndogo, si juu ya hiyo kubwa. Tukichukulia kuwa gharama za hapo juu zimeandikwa bila kodi, mshiriki sasa anaacha 51,695, na tiketi zinazohitajika ni 136. Bado kuna "wageni wetu" 15 wa kuingia bure, wanaokula na kubeba mkoba kama wengine. Hao ni 750,000 nyingine, na tiketi zinafika 150. Tumetoka 100 hadi 150 na hakuna aliyeiba hata senti.

Hotelini nako ni vivyo hivyo. Hoteli ya vyumba 40 inayouza vyumba 30 kwa 150,000 inaingiza 4,500,000 kwa usiku. Meneja mwenye hamu ya kuona hoteli imejaa anashusha bei hadi 110,000, anauza vyumba 38, anapata 4,180,000, tena ana vyumba vinane zaidi vya kufua mashuka. Ndiyo maana mapato hupimwa kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimeuzwa au hakikuuzwa: 112,500 dhidi ya 104,500. Chumba kilicholala kitupu usiku huu hakiwekwi stoo kikauzwe kesho, kwa hiyo punguzo lina mahali pake, ila lipigiwe hesabu kwanza.

"Mtalii ni Mzungu mwenye kamera"

Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa halitazami rangi wala kamera. Linauliza kama mtu ametoka nje ya mazingira yake ya kawaida, kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa lengo lolote isipokuwa kuajiriwa na mwajiri wa huko aendako. Mfanyabiashara wa Nairobi anayelala siku mbili Dar es Salaam akinunua mzigo Kariakoo ni mtalii. Ndugu anayetoka Muscat kuja Unguja kula Idi na jamaa zake ni mtalii. Daktari wa Mbeya aliyekwenda kwenye mkutano Arusha ni mtalii wa ndani. Mpishi aliyevuka mpaka kuajiriwa na hoteli hahesabiwi, na wala hahesabiwi anayetoka Kibaha kila asubuhi kwenda kazini Dar.

Kulala ndiko kunakotenganisha. Abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Zanzibar asubuhi na kurudi melini jioni ni mgeni wa kutwa. Anajaza vichochoro vya Mji Mkongwe, lakini kitanda hanunui, na chakula chake cha jioni kinamsubiri melini. Venice ilipoanza kutoza euro 5 Aprili 25, 2024, ilikuwa inawalenga hasa wageni wa namna hii. Anayedhani kuwa watu wengi ni pesa nyingi aanze na swali hilo la kitanda, kisha aulize tiketi ya ndege ililipwa wapi, hoteli ni ya nani, na jibini na mvinyo vimetoka nchi gani.

"Nikihitimu naingia mbugani kuongoza wageni"

Shahada ya usimamizi si leseni ya uongozaji. Kenya, waongozaji wa safari hupanda kwa mitihani ya chama chao: shaba, fedha, kisha dhahabu. Anayetaka kusimamia wanyama wenyewe ana Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mhitimu wa utalii na matukio kwa kawaida huanzia mapokezi, kwenye dawati la kupokea oda za vyumba, au kwenye ofisi ya kupanga safari.

"Ukumbi wa watu 500 unachukua watu 500"

Mwenye ukumbi hadanganyi. Amehesabu viti vilivyopangwa safu kwa safu kama sinema. Sasa ukumbi wa mita 20 kwa 25 una mita za mraba 500. Ondoa jukwaa 40, meza za chakula na foleni yake 60, sehemu ya kucheza 50, zinabaki 350. Kwenye meza za duara kila mgeni anachukua takriban mita za mraba 1.4, pamoja na nafasi ya mhudumu kupita na sinia. Hao ni watu 250, nusu ya walioandikwa kwenye tangazo.

Halafu milango. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo unakadiria si zaidi ya watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana wa njia tambarare, na 66 kwenye ngazi. Mlango wa mita 1.2 unapitisha watu kama 98 kwa dakika. Ukipigwa kufuli ili wasio na kadi wasijipenyeze, haupitishi mtu.

Neno letu wenyewe linatupotosha hapa. Magazeti huandika "mkanyagano", na msomaji huona watu wakikimbia na kupitana juu. Mara nyingi waliokufa walikuwa wamesimama. Watu wakizidi watano au sita kwenye mita moja ya mraba, mtu hachagui tena mguu aweke wapi. Umati unamsukuma kama wimbi, kifua kinabanwa, pumzi inakatika. Itaewon, jijini Seoul, Oktoba 29, 2022, watu 159 walikufa kutokana na msongamano kwenye kichochoro cha mteremko. Duisburg, Julai 24, 2010, walikufa 21 mahali ambapo njia ya kuingia ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya kutoka. Moshi, Februari 1, 2020, walikufa 20 baada ya umati kukimbilia mafuta ya upako. Kwa hiyo mpango wa umati unauliza mapema: nani anahesabu mlangoni, idadi gani ikifika mlango unasimamishwa, na kitu gani kwenye ratiba kitawavuta wote upande mmoja kwa wakati mmoja.

"Mbona shangazi anapanga harusi bila shahada?"

Anapanga, na kamati ya harusi ni shule nzuri. Inajua tofauti ya ahadi na taslimu, jambo ambalo wanafunzi wengi hulijua kwa vitabu tu. Inapokosea ni kwenye saa. Chakula kinafika saa 11 jioni, kadi inasema saa 12, maharusi wanaingia saa 2 usiku, watu wanakula saa 4. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi 60. Pilau hiyo imekaa saa tano. Ratiba huandikwa kwa kurudi nyuma: anza na saa ya kula, rudi hadi saa ya kupasha moto, hadi saa ya gari kuondoka jikoni.

Kuvunja kamati nako, ambako wengine hukuchukulia kuwa ni nyama choma tu, ndicho kikao cha tathmini. Kila mstari wa bajeti unawekwa kando ya risiti yake, na sahani zilizotoka zinalinganishwa na kadi zilizopokelewa getini. Hapo ndipo hujulikana kama wageni walikuwa 250 kweli, au mlango wa jikoni nao ulikuwa unalisha mtaa.