Mtoto mwenye shida ya mijongeo na picha ya ubongo: maswali yanayoulizwa sana

Swali: Shida za mijongeo kwa watoto ndo zipi hasa?

Ni pale mwili unapokataa kumtii mtoto. Anataka kushika kikombe mkono unaenda pembeni, mguu unajipinda wenyewe akianza kutembea, shingo inavutwa upande mmoja, au jicho linakonyeza na bega linaruka bila yeye kupenda. Inayojulikana zaidi ni mtindio wa ubongo, unaotokana na ubongo kuumia au kutojengeka vizuri kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo mwanzo. Halafu kuna distonia (misuli inajikaza na kuupinda mwili), kuna korea (mwili unachezacheza bila mpangilio), kuna tiki (kama jicho kukonyeza au bega kuruka bila kupenda) na ugonjwa wa Tourette (tiki za mwili pamoja na za sauti). Na mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja.

Swali: Daktari si anamuona mtoto kwa macho, picha ya nini tena?

Macho yanauona mjongeo, hayaoni ulikotokea. MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inasaidia kujibu maswali mawili, wapi pameumia na mara nyingi lini. Mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kati ya wiki 24 na 34, eneo linaloumia kirahisi ni lile jeupe linalozunguka vyumba vya maji ya ubongo, na hapo hapo ndo zinapita nyuzi za neva za kwenda miguuni, ndo maana unakuta njiti wengi wenye mtindio miguu imekaza kuliko mikono. Aliyetimiza miezi yake halafu akakosa hewa ghafla na kwa ukali wakati wa kuzaliwa, kinachoumia zaidi ni viini vya ndani kabisa, putameni na thalamasi, na huyo mara nyingi anakuja kupata distonia. Manjano kali ya kichanga isiyotibiwa mapema inaathiri kiini kinaitwa globasi palidasi, kwa hiyo mtaalamu wa picha akiona alama pale, kushoto na kulia, swali lake la kwanza ni kama mtoto alipata manjano siku za mwanzo.

Na hapa niseme kitu kinachonigusa sana. Akina mama wengi wanabebeshwa lawama, eti alijifungua vibaya, eti alimdondosha mtoto. Kuna picha zinazoonesha wazi kwamba ubongo ulijengeka tofauti tangu mimba ikiwa changa, kabla hata ya mama kufikiria habari za leba. Mama mwenye majibu kama hayo akae na daktari asomewe taratibu, na ndugu wanaolaumu wawepo wasikie.

Swali: MRI, CT skani na ultrasaundi, ipi ni ipi?

Ultrasaundi inapita kwenye utosi kabla haujafunga, inafanyika pale pale kitandani, nzuri kwa kuangalia kama njiti amevuja damu kwenye ubongo. CT ni ya haraka ila inatumia mionzi na haioneshi vizuri vitu vidogo vya ndani. MRI inatumia sumaku, haina mionzi hiyo, na ndo yenye maelezo mengi. Sumaku yenyewe si mchezo, mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, kwa hiyo hereni, vibanio vya nywele na chuma chochote kinatolewa, na kama mtoto ana kifaa ndani ya mwili useme mapema kabisa, usisubiri kuulizwa.

Swali: Wangu hatulii hata dakika mbili, atapigwaje picha?

Hili ndo swali gumu kuliko yote, kwa wazazi na kwa watafiti pia. Picha inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, mashine inagonga kwa kelele kubwa, na akitikisika kidogo tu picha inaharibika. Kichanga ananyonyeshwa ashibe, anafungwa vizuri kwenye nguo, masikio yanazibwa, analala mwenyewe na kazi inafanyika bila dawa yoyote. Mkubwa kidogo anaweza kufanyishwa mazoezi kwenye mashine ya mfano, azoee sauti na kulala ndani yake, wakati wa picha yenyewe anawekewa katuni. Ikishindikana ndo inatumika dawa ya usingizi chini ya mtaalamu wake, na kwa kawaida distonia inatulia mtoto akilala.

Ila kwenye utafiti wa kuangalia ubongo ukiwa unafanya kazi mtoto lazima awe macho, na hapo ndo mtihani ulipo. Mwaka 2012 watafiti walionesha kwamba kichwa kikisogea hata chini ya milimita moja kinaweza kutengeneza matokeo ya uongo, ikaonekana sehemu fulani za ubongo zinawasiliana au haziwasiliani kumbe ni kichwa tu kilicheza. Matokeo yake watoto wanaotikisika sana wanaondolewa kwenye tafiti na wanabaki wenye hali nafuu. Binafsi naona hii ni dhuluma, maana wanaohitaji majibu zaidi ndo tunawajua kidogo zaidi.

Swali: Watafiti wanatafuta nini cha zaidi ambacho picha ya kawaida haioneshi?

Kuna MRI ya difyusheni, inafuatilia maji yanavyosogea ndani ya ubongo na kutokana na hapo wanachora njia za nyuzi za neva. Kuna MRI ya utendaji, inafuatilia damu yenye oksijeni inakimbilia wapi mtoto akikunja vidole. Na kuna PET, hiyo inahitaji kuchomwa dawa yenye mionzi kwa hiyo kwa watoto wanaitumia kwa uangalifu mkubwa.

Mfano mmoja mzuri sana ni mtoto aliyepata kiharusi karibu na kuzaliwa, upande mmoja wa ubongo ukaumia. Kila mtoto anazaliwa na nyuzi zinazotoka upande mmoja wa ubongo kwenda mikono yote miwili, halafu anavyokua zile za kwenda mkono wa upande ule ule zinapungua. Ubongo ukiumia mapema zile nyuzi zinaweza kubaki, upande usioumia ukaendesha mikono yote. Mwambie mtoto kama huyo afungue na kufunga ngumi ya mkono mmoja, unaweza kuona mkono wa pili unaiga wenyewe. Ndo maana watafiti wanauliza kama mazoezi ya kuufunga mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ufanye kazi yanawafaa watoto wote sawa sawa.

Swali: MRI imesema ubongo uko kawaida. Ina maana anadeka?

Hapana, tena hapana kabisa! Katika watoto 10 wenye mtindio wa ubongo, kama mmoja hivi MRI yake inaonekana ya kawaida. Wa Tourette nao kwa kawaida haioneshi kitu. Picha ya kawaida inamwambia daktari aendelee kutafuta, hasa magonjwa ya kurithi, na mengine yana dawa. Kuna distonia iliyoelezwa na daktari wa Japani, Masaya Segawa, miaka ya 1970, mtoto anaamka vizuri, ikifika jioni miguu imejipinda hawezi kutembea, akilala akaamka ni nafuu tena. MRI safi. Ubongo wake unatengeneza pungufu dopamini, kemikali inayosaidia kuendesha mijongeo, na dozi ndogo ya levodopa, dawa inayogeuka dopamini, inaweza kumrudisha kutembea. Wako waliokaa miaka wakiitwa wana mtindio wa ubongo. Kwa hiyo kama mwanao anabadilika asubuhi na jioni, mrekodi video kwa simu nyakati zote mbili umpelekee daktari wa neva wa watoto.

Swali: Na picha ikiwa mbaya, ndo hatatembea tena?

Picha inasaidia kukadiria, haitoi hukumu. Watoto wawili wenye picha zinazofanana wanaweza kwenda njia tofauti. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walishauri kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa hata kabla ya miezi 6, kwa kuunganisha MRI, uchunguzi wa neva, na kumtazama kichanga akiwa amelala chali anavyochezesha mwili. Na kama MRI haipatikani, uchunguzi wa mtu aliyefundishwa, kwa mikono na macho yake, unatosha kuanza mazoezi, msikae kusubiri mashine.

Swali: Inabidi kurudia picha?

Wakati mwingine ndiyo. Ubongo wa mtoto chini ya miaka 2 bado unavikwa utando wa mafuta kwenye nyuzi zake, kwa hiyo makovu mengine hayaonekani vizuri mpaka baadaye. Ukipigwa picha omba na CD yake, sio ile karatasi ya majibu peke yake, maana daktari wa mbele atataka kuziangalia mwenyewe na kulinganisha za zamani na mpya.