Seli za mimea na ukuta mpya: dhana potofu na ukweli

"Seli ya mmea hubanwa katikati mpaka ikatike, kama ya mnyama."

Haibaniki; ukuta wa selulosi hauruhusu. Ukuta mpya huanzia katikati kwenda pembeni: vifuko kutoka vifaa vya Golgi (sehemu za seli zinazofungasha vitu), vyenye pektini, gundi ya ukuta wa seli, hukusanyika kati ya viini viwili vipya, huungana kuwa bamba la seli, nalo hutanuka hadi kugusa ukuta wa zamani. Sentrioli nazo, vijisehemu vinavyoonekana kwenye ncha za seli ya mnyama inapogawanyika, hazimo katika mimea ya maua, ingawa michoro mingi ya daftarini huziweka.

"Mahali pa ukuta huamuliwa mwishoni, kromosomu zikishatengana."

Hapa ndipo wengi hukosea zaidi. Kabla mitosisi (mgawanyiko wa kiini) haijaanza, mirija midogo ya protini hujipanga chini ya utando wa seli kama mshipi unaokizunguka kiini. Wanasayansi Pickett-Heaps na Northcote waliueleza mshipi huo mwaka 1966, wakichunguza ngano. Utando wa kiini unapovunjika, mshipi hutoweka, lakini bamba la seli huja kugota palepale ulipokuwa. Kinachobaki ni protini za alama. Mojawapo, TANGLED ya mahindi, hukaa pale mpaka bamba lifike. Ikikosekana, kuta nyingi hukaa mshazari. Cha ajabu, jani la mmea huo wa mahindi bado huwa na umbo linalokaribia la kawaida, kwa hiyo mwelekeo wa kuta peke yake hautengenezi umbo la jani.

"Seli hukatwa kila mara kwa njia fupi zaidi."

Mwanabotania Errera alilipendekeza wazo hilo mwaka 1888, akilinganisha na povu la sabuni, na mara nyingi hutabiri vizuri. Seli ndefu nyembamba za kambiamu ya mwembe (tabaka linalonenepesha shina) hulikiuka: hugawanyika kwa urefu wake, zikitoa zailemu (tishu ya kupitisha maji) upande wa ndani na floemu (tishu ya kupitisha chakula) upande wa nje.

"Kipande chochote cha mzizi wa kitunguu kitaonyesha mgawanyiko."

Tumia mizizi ya sentimita 1 hadi 2, na uchukue milimita 2 tu za ncha. Juu zaidi ya hapo seli zinarefuka tu. Iloweshe usiku mmoja katika ethanoli sehemu 3 kwa asidi asetiki kali sehemu 1, kisha asidi hidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita), nyuzijoto 60, kama dakika 5. Ukiiwahisha kuitoa, pektini haijalegea na seli hubaki zimerundikana. Ukichelewa, ncha husagika. Iweke kwenye slaidi, tia rangi ya aseto-orseini, inayoonyesha kromosomu, funika kwa kioo chembamba, bonyeza wima kwa kidole gumba bila kuteleza. Tarajia kromosomu 16, na seli nyingi zisizogawanyika.

Ila slaidi ya kubonyeza haifai kwa kusoma mwelekeo wa kuta, maana imeshazivuruga safu. Kwa hilo, kata ncha nyembamba kwa urefu.