Lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho: wanayosema watu na ilivyo kweli

Mdogo wangu alikuwa mainasi 13 macho yote mawili (hiyo ni namba ya miwani ya mtu asiyeona mbali, na 13 ni kubwa sana), miwani yake ukiijaribu unapata kizunguzungu, na asubuhi akiamka anaanza kupapasa kitanda kizima aitafute ndo ajue kumekucha. Mwaka jana akawekewa lenzi ndani ya macho, ICL wanaiita, na tangu siku hiyo nimejibu maswali ya ndugu na majirani mpaka sauti imekauka, kwa hiyo wacha niandike mara moja yaishe.

Eti ni ileile operesheni ya mtoto wa jicho aliyofanyiwa bibi. Hapana jamani. Bibi lenzi yake ya asili ilikuwa imeingia ukungu, wakaitoa wakamwekea ya bandia, kazi aliyoianza Harold Ridley kule London mwaka 1949 baada ya kuona marubani wa vita wanaishi na vipande vya plastiki ya ndege ndani ya macho na jicho wala halisumbuki. Kwa mdogo wangu hakijatolewa kitu. Lenzi aliyozaliwa nayo iko palepale, hii mpya imekaa mbele yake, nyuma ya lile duara lenye rangi. Inaingia imekunjwa kama chapati, kwenye tundu la kama milimita 3, ikifika ndani inajikunjua yenyewe taratibu halafu dokta anachomeka pembe zake nne, moja moja, nyuma ya lile duara. Na mgonjwa hajalala, anawekewa ganzi ya matone tu, anasikia kila kinachosemwa.

Wengine wanasema ni leza. Leza inachonga konea, kile kioo cha mbele, na unene wake wote ni kama nusu milimita, sasa mtu wa mainasi 13 ukimchonga mpaka namba iishe utabakiza nini? Ndo maana namba zikiwa kubwa lenzi inapewa nafasi. Marekani FDA, wale wanaoidhinisha dawa na vifaa vya tiba, waliiruhusu mwaka 2005, toleo jipya linaloitwa EVO likaruhusiwa kule 2022, hili lina kitundu katikati cha milimita 0.36, maji ya jicho yanapita hapohapo, zamani ilibidi kwanza watoboe lile duara kwa leza ili maji yapate njia.

"Ukiwa na hela tu unafanyiwa." Hii imeniuma mimi binafsi, maana nilimsindikiza na mainasi 9 zangu nikasema na mimi nipimwe. Nafasi kutoka nyuma ya konea mpaka kwenye lenzi ya asili, Marekani wanataka isipungue milimita 3, yangu ikasoma 2.6, dokta akafunga faili akaniuliza kama nataka miwani mipya. Wanahesabu pia seli za nyuma ya konea kwa sababu zikifa hazizaliwi nyingine, wanaangalia kama namba imetulia mwaka mzima, umri kule Marekani walipoiruhusu EVO 2022 ulikuwa 21 mpaka 45, na mama mjamzito au anayenyonyesha anaambiwa asubiri.

Saizi nayo watu hawaijui kabisa. EVO zinakuja saizi 4, kuanzia milimita 12.1 mpaka 13.7, ikiwa kubwa kuliko jicho inasukuma mbele na presha ya jicho inaweza kupanda, ikiwa ndogo inalalia lenzi ya asili na hapo ndo mtoto wa jicho anaweza kuja kabla ya wakati. Vipimo ndo operesheni yenyewe, hiyo nyingine ni kumalizia.

Kuisikia jichoni huisikii, kuitoa usiku kuiosha hakuna, na ikibidi dokta anaweza kuitoa. Taa za magari usiku alikuwa anaziona zina mviringo miezi ya mwanzo, sasa hivi anasema amezizoea. Miwani ya kusomea akigonga arobaini na kitu ataihitaji kama sisi wote.

Kubwa kuliko yote ni hili la "macho yamepona". Hayajapona. Jicho la kawaida lina urefu wa kama milimita 24, la mtu wa mainasi kubwa limevutika likapita hapo, na retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, imetandazwa kama kitambaa kilichonyooshwa mno, inaweza kuchanika. Lenzi inarekebisha mwanga unapotua, urefu haijaugusa. Ukiona vimulimuli, vidoti vyeusi vimeongezeka ghafla au kama pazia linashuka pembeni, unakimbia hospitali siku hiyohiyo, lenzi au bila lenzi. Mdogo wangu anaangaliwa retina kila mwaka, anawekewa yale matone ya kutanua mboni, anarudi kwenye bajaji kavaa miwani ya jua ananipa simu yake nimsomee meseji.