Sekta inayosubiri: namba ya kutazama kwanza kwenye kompyuta ya mtumba

Diski ya sumaku huhifadhi data katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwenye diski za zamani kila sekta hubeba baiti 512. Kwenye nyingi zilizotengenezwa tangu 2011 hubeba 4,096. Kila sekta huandikwa pamoja na alama za kukagua na kusahihisha makosa, ili wakati wa kusoma diski ijue kama kinachosomeka ndicho kilichoandikwa. Sekta inayosubiri ni ile ambayo diski ilijaribu kuisoma, hesabu ya alama ikakataa, nayo ikawekwa kando hadi hali yake ijulikane.

Inasubiri mojawapo ya mambo mawili: isomeke vizuri siku nyingine, au iandikwe upya. Ikiandikwa upya, diski huipima papo hapo. Ikishika, hurudi kazini na hesabu ya zinazosubiri hupungua. Isiposhika, diski huchukua sekta moja ya akiba, huipa anwani ile ile, na ile mbovu haitumiki tena. Hesabu hizi zote zimo ndani ya diski yenyewe, katika kumbukumbu iitwayo SMART. Zinazosubiri ziko mstari wa 197, ambao programu nyingine huuandika C5. Zilizohamishwa ziko mstari wa 5.

Kwa nini uanze na 197? Kwa sababu ndiyo inayoeleza hali ya sasa. Saa za kazi, mstari wa 9, hueleza umri tu: kompyuta ya ofisi iliyowashwa saa 9 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufika saa 11,250 kwa miaka mitano, na diski ya namna hiyo yaweza kuwa nzima kabisa. Nyingine yenye saa 3,000 iliyoangushwa ikiwa inazunguka yaweza kuwa inakufa.

Dalili yake kwa mtumiaji ni kuganda. Mshale wa panya unatembea, lakini faili haifunguki, taa ya diski imewaka tu haizimi. Diski inairudia sekta moja tena na tena, pengine kwa sekunde nyingi, kabla ya kukata tamaa. Wengi hapo huongeza memori au hupiga Windows upya. Kupiga upya huonekana kumetibu, kwani kuandika juu ya sekta kumeziondoa baadhi kwenye foleni, kisha baada ya wiki chache ugonjwa unarudi mahali pengine.

Kwa Amu (Lamu) na Malindi kuna jambo la kuzingatia zaidi. Stima ikipotea diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta yaweza kubaki na data isiyolingana na alama zake. Haisomeki tena, ingawa uso wa sahani ni mzima. Kwa hiyo mashine ya mezani iliyotumika miaka bila UPS (betri ya akiba ya stima) yaweza kuonyesha sekta 8 zinazosubiri na isiwe na jeraha lolote. Hiyo 8 nayo ina sababu: diski nyingi za sekta kubwa huhesabu kwa kipimo cha baiti 512, basi sekta moja ya 4,096 ikigoma huhesabiwa mara nane. Ukiona 8, 16 au 24, gawanya kwa 8 kabla ya kuogopa.

Namba moja, maana mbili. Kuzitenganisha kunahitaji kuandika, na kuandika kunafuta. Fuata mpangilio huu usiruke hatua.

Kwanza sikiliza. Mlio wa tak-tak unaojirudia ni vichwa vya kusomea vinavyoshindwa kupata mahali pake. Zima, usijaribu lolote. Diski hiyo haitengenezwi mezani, na kuifungua ndani ni kuimaliza, kwa sababu vichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko chembe ya vumbi.

Kama ni kimya, washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu bila kusakinisha chochote. Kwa Dell na Lenovo menyu ya kuchagua flashi mara nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Fungua programu ya Disks, chagua diski, bonyeza menyu ya vitone vitatu, kisha mstari wenye neno SMART. Haihitaji intaneti na haichukui dakika kumi, kwa hiyo ifanye dukani kabla hujalipa. Mashine iliyonunuliwa Mombasa ikishafika Amu, kuirudisha ni boti hadi Mokowe na basi baada yake. Nakili mistari ya 5, 9, 197, 198 (sekta zilizoshindikana kusahihishwa) na 199.

Ukitumia CrystalDiskInfo kwenye Windows, angalia kwanza mfumo wa namba. Kawaida huonyesha namba za msingi wa 16: 10 pale ni 16 kwetu, na 4E20 ni 20,000. Badilisha kwenye mipangilio zionekane za kawaida. Na mstari wa 1 kwenye diski za Seagate hubeba namba kubwa za kutisha hata diski ikiwa mpya, uache.

Kama ndani mna faili zinazohitajika, zitoe sasa, kabla ya jaribio lolote. Usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski: hiyo huilazimisha diski dhaifu kusoma kila kona na kubadilisha majedwali ya faili wakati data bado haijaokolewa. Tumia ddrescue, ukielekeza kwenye diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko hii:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /media/nje/picha.img /media/nje/picha.map

Hapo /dev/sda ni diski mbovu, na /media/nje badilisha iwe njia ya diski yako ya nje. Hakikisha herufi mara mbili. Programu hii huvuna sehemu nzuri kwanza na kurudi kwenye zilizogoma baadaye. Faili la .map huweka rekodi ya ilipofikia. Stima ikipotea, rudia amri ile ile nayo itaendelea kutoka hapo.

Sasa andika sufuri diski nzima. Kwenye Linux:

sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=1M status=progress

Diski ya laptopu ya GB 500 inayoandika MB 70 hadi 100 kwa sekunde huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Laptopu iwe na betri iliyojaa, ya mezani iwe kwenye UPS, la sivyo utazalisha sekta nyingine za aina ile ile unayoichunguza. Kazi hii pia huondoa faili za mwenye mashine wa zamani, ambazo hazikuwa zako kuzisoma.

Baadaye endesha jaribio refu la SMART, kisha linganisha na namba ulizonakili. 197 imeshuka hadi 0 na 5 haikusogea: tatizo lilikuwa kuandika kulikokatizwa, diski itumie. 197 imeshuka lakini 5 imepanda kidogo: uso una doa. Irudie kazi yote mara ya pili; 5 ikitulia, itumie kwa vitu vyenye nakala kwingine, ikipanda tena iondoe. 197 imebaki au imeongezeka baada ya kuandika: hiyo ni ya kutupwa, hata muuzaji akipunguza bei. Kinachohukumu ni mwendo wa namba. Diski ambayo mstari wake wa 5 unasoma 40 bila kusogea mwaka mzima ni bora kuliko ile inayosoma 3 leo na wiki jana ilisoma 1.

Mstari wa 199 ni wa njia kati ya diski na ubao mkuu. Haurudi nyuma kamwe, kwa hiyo usishangae kuukuta na mamia. Badilisha kebo ya SATA, tumia wiki moja, uone kama umeongezeka. Hewa ya chumvi ndiyo adui mkubwa hapa, hasa kwa mashine zinazokaa karibu na madirisha ya baharini. Miguso ya chini ya ubao wa kijani wa diski hupata weusi. Fungua skrubu zake kwa bisibisi ya nyota ya ncha sita (Torx), mara nyingi T6, sugua miguso polepole kwa ufutio mweupe, pangusa kwa spiriti safi ya asilimia 99, acha ikauke. Usihamishe ubao kutoka diski nyingine ukitarajia itafanya kazi: hubeba vipimo vya diski yake tu.

Historia nayo huweza kufutwa. Lebo ikisema 2014, kona zimechubuka, na mstari wa 9 ukaonyesha saa 5, namba zimerudishwa sufuri na mtu. Kwa baadhi ya diski za Seagate kuna kumbukumbu ya pili, inayosomwa kwa smartctl toleo la 7.4 na kuendelea: sudo smartctl -l farm /dev/sda. Saa zikitofautiana sana, mwache muuzaji na diski yake.

SSD za NVMe, yaani diski za chipu zisizozunguka, hazina mstari wa 197. Huko tazama asilimia iliyotumika, akiba iliyobaki, na makosa ya data, ambayo yanatakiwa kuwa 0. Pia huhesabu mara ambazo zilizimika ghafla. Kama mara za kuwashwa ni 900 na za kuzimika ghafla ni 400, mashine hiyo imeishi mahali pa stima ya kukatika, au kwa mtu anayeizima kwa kushikilia kitufe.

Namba za siku ya kwanza ziandike kwenye kipande cha tepu pamoja na tarehe, uibandike juu ya diski, mbali na tundu lake dogo la hewa. Atakayeifungua baadaye hatalazimika kukisia ilipoanzia.