Je, wajua kwa nini tuta la bwawa halipandwi miti?

Ukizunguka Mufindi au Njombe, kusini mwa Tanzania, hukosi kukuta bwawa dogo la udongo kwenye shamba la mtu binafsi. Mwenye shamba kaziba kabonde kwa tuta, mvua zimejaza, ng'ombe wananyweshwa, nyanya zinamwagiliwa, na sikukuu ikifika wageni wanakuja kuvua perege na kuchoma nyama kando ya maji. Sasa mtu wa Mufindi akiona ardhi tupu anaona miche. Haipiti miaka mingi, juu ya tuta pamesimama mstari wa milingoti (mikaratusi), eti kivuli cha wageni na mizizi ya kushika udongo.

Mizizi hushika udongo kweli, ila hatari yake iko ndani. Tuta la udongo halizuii maji kabisa. Hata lile la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka hupitisha maji kidogo. Kazi ya fundi ni kuhakikisha yanapita taratibu mno, yasiweze kubeba chembe ya udongo. Mzizi ukifa na kuoza unaacha mrija. Maji yakiupata mrija huo yanaongeza kasi, yanaanza kung'oa chembe pale yanapochomoza upande wa nje, na tundu linajichimba kurudi nyuma kuelekea bwawani huku likipanuka. Likishafika kwenye maji, kinachobaki ni saa chache. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikatika hivyo tarehe 5 Juni 1976. Kule hapakuwa na kosa la miti, lakini mwendo ulikuwa uleule: asubuhi maji ya tope yalionekana yakivuja, na kabla ya saa sita mchana tuta lenye kimo cha mita zaidi ya 90 lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa.

Kivuli nacho kina madhara yake. Chini ya milingoti ukoka haustawi, na ukoka ndio blanketi la tuta dhidi ya mvua. Fuko na panya wanachimba mashimo ambayo huyaoni kwa sababu ya majani makavu. Upepo ukiangusha mti mkubwa, unaondoka na bonge la tuta.

Ndiyo maana kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mwenye bwawa hufyeka tuta lote na kulipitia kwa miguu, kisha hurudia Machi na Aprili bwawa likiwa limejaa. Ukikuta maji yanavuja chini ya tuta upande wa nje, yakinge kwenye chupa angavu uyaache yatulie. Yakiwa safi, weka alama na uendelee kuyaangalia kama yanaongezeka. Tope likituama chini ya chupa, tuta linaliwa kutoka ndani: waondoe watu walio bondeni, anza kupunguza maji bwawani, ita mhandisi. Na kama milingoti imeshakuwa minene, usikimbilie kung'oa visiki bwawa likiwa limejaa, maana utafungua matundu uliyokuwa unayaogopa. Miche michanga ing'oe leo. Mikubwa inataka maji yashushwe kwanza, kisha kila shimo lijazwe mfinyanzi na kushindiliwa upya.

Mapambo mengine ya wageni yana hatari ileile. Ukingoni mwa tuta kuna utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji yanayozidi. Watu huuwekea wavu ili samaki wasitoroke, au viroba vya mchanga ili bwawa lijae zaidi. Mvua kubwa ikija, takataka zinaziba wavu, maji yanapanda na kupita juu ya tuta, na udongo haustahimili maji yanayoupita juu. Pennsylvania, Marekani, klabu ya matajiri ilikuwa na bwawa la udongo la starehe, South Fork. Waliteremsha kimo cha tuta, wakaweka nyavu za samaki kwenye utoro, na mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameshaondolewa zamani. Tarehe 31 Mei 1889 lilikatika na kuua watu zaidi ya 2,200 huko chini, Johnstown wengi wao. Karibu na kwetu, bwawa la shamba binafsi lilipasuka Solai, Nakuru nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo kibali cha bwawa si urasimu mtupu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayagusa hata mabwawa ya watu binafsi, na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko palepale Iringa mjini.

Haya, wageni wamefika na wanataka kuogelea. Waambie jambo moja ambalo macho hayaoni: udongo wa tuta mara nyingi ulichimbwa humohumo ndani ya bwawa. Sakafu ina mashimo. Hatua moja maji yako magotini, inayofuata yamepita kichwa, tena tope linashika miguu. Wasisogelee bomba la kutolea maji likiwa wazi. Kwenye magugu ya ukingoni wanakaa konokono wa kichocho, basi watoto wasichezee hapo. Tena ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa msimu wa mvua, wakati huohuo bwawa linapofurika, na aliyekwisha kunywa abaki kwenye nyama.

Weka kamba ndefu na mwanzi mrefu mahali panapoonekana. Anayezama arushiwe kamba au anyooshewe mwanzi, anayemwokoa akiwa amelala kifudifudi nchi kavu asije akavutwa. Na milingoti ya kivuli ihamie upande wa pili, mbali na kitako cha tuta, mizizi isikoweza kufika.