Kirukia mtini: yasemwayo na yaliyo kweli

Katika bustani ya mimea kama ile ya Chuo Kikuu cha Maseno, mgeni akiinua macho akaona mparachichi wenye maua mekundu, swali huwa moja: huu umepandikizwa? La. Maua yale si ya mparachichi. Ni ya kirukia, mmea unaoota juu ya tawi la mti mwingine na kupenya chini ya gome lake. Huku magharibi mwa Kenya hupenda sana miparachichi, mipera na mijakaranda. Huonekana vizuri zaidi wakati wa kiangazi, mti unapopukutisha majani nacho kikabaki kijani.

Wengine hukichanganya na mukumu, ule mtini unaoanzia juu ya mti mwingine. Lakini mukumu huteremsha mizizi hadi ardhini, wakati kirukia hakigusi udongo maisha yake yote. Zile nyuzi za manjano zinazofunika nyua za mitaa ya Kisumu nazo ni mmea mwingine kabisa.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba kirukia kinatoka ardhini. Siwalaumu wanaosema hivyo. Eneo hili limeteswa na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ambalo mbegu zake ndogo kama vumbi hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mzizi wa mahindi. Mbegu ya kirukia ikianguka chini imekwisha. Lazima itue kwenye tawi, na anayeifikisha huko ni ndege.

Mtazame kitororo, yule ndege mdogo anayelia "to-to-to" mchana kutwa. Humeza tunda, na baada ya dakika chache huitapika mbegu ikiwa imezungukwa na ulimbo. Mbegu hunata mdomoni, naye huusugua mdomo kwenye tawi mpaka imtoke. Kwa hiyo wanaosema mbegu husambaa kwa kinyesi tu wamepata nusu ya habari. Ndege wengine hueneza kwa njia hiyo, ila kitororo hupanda kwa mdomo.

Mbegu ikishanata huchipua popote, hata juu ya waya wa ua. Kichipukizi cha kijani hutokeza, kikainama kutafuta gome, kikakauka kwa kukosa pa kupenya. Kwenye tawi ncha hiyo hutanuka, ikajibana na kuingia ndani. Lakini si kila mti hukikubali, na mbegu nyingi huishia mlangoni.

Mti mmoja ukijaa virukia na jirani yake akawa safi, watu husema ule wa kwanza una mkosi. Sababu ni kwamba ndege hufuata matunda: penye kirukia ndipo anapokula, na hapohapo ndipo anapoacha mbegu. Mwenye nacho huongezewa. Mti mrefu uliosimama peke yake penye mwanga, kama ilivyo mingi ya bustanini, humpa ndege pa kutua na kirukia jua la kutosha.

Je, kinaua mti? Kimoja au viwili, hapana. Kina majani yake na hujitengenezea sukari, ila huiba maji na chumvichumvi. Ubaya wake ni kuendelea kupoteza maji hata wakati wa ukame, mti wenyewe unapojibana. Sehemu ya tawi iliyo mbele yake hudhoofika na huweza kufa. Vikiwa vingi na mvua ikachelewa, mti mzima huwa hatarini.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kukifyeka chote bustanini. Ua lake likiguswa na mdomo wa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta, hufunguka ghafla na kummwagia chavua usoni. Viwavi wa vipepeo wa jenasi ya Mylothris hula majani yake. Kwenye mparachichi wa kuuza matunda nitakiondoa; kwenye mti mkubwa wenye afya nitaviacha viwili vitatu.

Kuvunja majani peke yake ni kazi bure, kwa sababu kilichobaki ndani ya tawi huchipua tena. Kunyunyizia dawa ya magugu nako huweza kuudhuru mti unaotaka kuuokoa. Kata tawi lenyewe, kiasi cha sentimita 30 chini ya pale kilipoingilia, kabla matunda hayajaiva. Wala usihofu kwamba vipande ulivyotupa chini vitaota; wape mbuzi, wanavila.